Barua ya wazi kwa wasimamizi wa maji: tupeni mita kabla ya mawaidha

Kwenu wakurugenzi wa mamlaka za maji, wajumbe wa bodi zinazopanga bei, na waheshimiwa mnaotunga sheria na kanuni za ujenzi,

Kwa heshima zote, nawaandikia nikiwa mteja wenu. Kila kiangazi kinapokaza tunasikia tangazo lilelile: funga koki unapopiga mswaki, usioshe gari kwa mpira, oga haraka. Sina ugomvi na tangazo hilo. Ni la kweli, na nyumbani kwangu tunalifuata. Koki ya kawaida iliyofunguliwa vizuri hutoa lita 6 hadi 10 kwa dakika, kwa hiyo anayeiacha wazi dakika 2 huku anasugua meno amepeleka mtaroni zaidi ya nusu ndoo. Nani atalibishia hilo?

Shida yangu ni kwamba tangazo linaishia hapo, kana kwamba maji yote yanayopotea majumbani yanapotezwa na mkono wa mtumiaji. Mengi yamekwisha kupotea kabla huyo mtumiaji hajaigusa koki. Yamepotezwa na ukubwa wa tangi la choo lililoruhusiwa kuuzwa, na mita moja iliyofungwa kwa kaya nyingi, na ankara isiyoeleweka, na mgao usiotabirika, na bomba la mtaani linalovuja mwezi mzima bila fundi kufika. Hayo yote yamo mikononi mwenu. Mkiyashughulikia, mawaidha yenu yatapata pa kushika.

Nianze na choo, maana katika nyumba yenye choo cha kuflashi hapo ndipo maji mengi huenda. Matangi ya zamani humwaga lita 13 au zaidi kila mtu anapoflashi. Ya kisasa humwaga lita 6, na yale yenye vitufe viwili humwaga kama lita 3 kwa haja ndogo. Tuchukue familia ya watu 5, kila mmoja akiflashi mara 5 kwa siku. Kwa tangi la zamani ni lita 325. Kwa tangi la lita 6 ni 150. Tofauti ya lita 175 kila siku, na hakuna mtu katika familia hiyo aliyebadilisha tabia hata kidogo. Hawakuhitaji kukumbushwa wala kuogopeshwa. Kilichobadilika ni kifaa.

Na kifaa hubadilishwa na kanuni. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1992, na kuanzia 1994 vyoo vipya vya majumbani vikatakiwa visizidi lita 6 hivi kwa kuflashi mara moja. Australia ilitunga sheria mwaka 2005 inayolazimisha vyoo, koki, mabomba ya mvua ya kuogea na mashine za kufulia kubandikwa lebo ya nyota: nyota zikiwa nyingi, matumizi ni madogo. Mnunuzi anasimama dukani, anaona nyota, anajua anachokinunua. Mahali pasipo na kanuni ya namna hiyo, mwenye nyumba hununua kilicho rahisi, fundi hufunga alichopewa, na familia hubeba mzigo wa maji kwa miaka 20 au 30, maana tangi la choo halichakai upesi. Mjenzi anayejenga jengo la kupangisha hana sababu ya kujali, kwa kuwa ankara si yake. Kanuni peke yake ndiyo itakayomfanya ajali.

Bomba la mvua nalo ni hivyohivyo. Lile la kawaida hutoa kama lita 10 kwa dakika, kwa hiyo kuoga dakika 10 ni lita 100. Liko la lita 6 au 7 ambalo mwogaji halioni tofauti, kwa sababu linachanganya hewa na maji. Tena pale maji yanapopashwa moto, faida ni mbili: kupandisha joto la lita 100 kwa nyuzi 25 hula karibu uniti 3 za umeme. Anayepunguza maji ya moto anapunguza ankara mbili kwa mpigo. Sijawahi kusikia tangazo la maji likitaja umeme.

Kabla sijatoka chooni, niseme pia habari ya ubora. Valvu ya ndani ya tangi ikichakaa, maji hupita polepole kuingia bakulini mchana na usiku, bila sauti na bila mtu kuona. Kwa namna hiyo choo kimoja kinaweza kupoteza mamia ya lita kwa siku. Kuligundua tatizo ni rahisi: tia rangi ya chakula ndani ya tangi, subiri dakika 15 bila kuflashi, kisha angalia bakuli. Rangi ikionekana, valvu imekwisha. Lakini kama valvu zinazouzwa ni zile zinazoharibika baada ya miezi michache, mwenye nyumba atabadilisha mara moja, mara mbili, kisha atachoka. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza lita 20 hadi 30 kwa siku, yaani zaidi ya lita 7,000 kwa mwaka, na mara nyingi chanzo chake ni kimpira kidogo kilichotengenezwa vibaya. Kazi ya kuzuia vifaa vibovu visiingie sokoni si ya mteja.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma kuliko yote: mita.

Watu wengi wanaoambiwa waokoe maji hawana mita yao wenyewe. Wanaishi kaya sita, kumi, kumi na tano, nyuma ya mita moja. Ankara huja kwa mwenye nyumba, naye huigawa kwa vyumba au kwa vichwa. Katika mpango huo, mama anayekusanya maji ya kusuuzia nguo ili aflashie choo, anayekimbilia kuita fundi koki inapoanza kudondosha, hulipa sawa na jirani anayeacha ndoo ifurike huku yuko sebuleni. Akiokoa lita 1,000 kwa mwezi katika nyumba ya kaya sita, faida inayomrudia ni ya lita 166 tu. Zilizobaki amewagawia wengine. Atafanya hivyo kwa utu wake mwezi wa kwanza na wa pili. Mwezi wa tatu ataona hana analolipata. Kumhimiza mtu aokoe maji asiyoweza kuyapima ni kama kumwamuru dereva apunguze mwendo katika gari lisilo na kipima mwendo.

Na ubaya hauishii hapo. Sehemu nyingi bei ya maji hupangwa kwa ngazi: uniti za mwanzo ni nafuu ili mnyonge apate maji ya lazima, kisha bei hupanda kadiri matumizi yanavyoongezeka. Nia ni njema. Lakini angalieni kinachotokea kwenye mita ya pamoja. Kaya ya watu 4 inayotumia uniti 5 kwa mwezi, yaani lita 5,000, inapata lita 42 hivi kwa kila mtu kwa siku. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema mtu anahitaji lita 50 hadi 100 kwa siku ili atimize mahitaji ya msingi bila kuhatarisha afya. Kwa hiyo kaya hiyo iko chini hata ya kiwango cha chini. Zikusanyeni kaya sita za namna hiyo nyuma ya mita moja: mita inasoma uniti 30. Kompyuta yenu inaona mteja mmoja mwenye matumizi makubwa, inampandisha ngazi ya juu, na watu wasiofikia lita 50 wanatozwa bei iliyowekwa kwa ajili ya wenye bustani na mabwawa ya kuogelea. Wao ndio waokoaji wakubwa wa maji katika mji wote, na ndio wanaoadhibiwa.

Najua mita za kila kaya ni gharama, na kwamba katika majengo ya zamani bomba moja hupanda ghorofa zote, hivyo kutenganisha ni kazi. Basi anzeni na lililo jepesi: ulizeni kila mwenye nyumba ana kaya ngapi nyuma ya mita yake, mthibitishe, kisha zidisheni ile ngazi ya nafuu kwa idadi hiyo ya kaya. Hilo halihitaji bomba jipya wala mchimbaji. Linahitaji fomu na marekebisho kwenye programu ya ankara. Halafu kwa majengo mapya, msitoe kibali cha ujenzi mpaka ramani ioneshe mita ya kila kaya. Jengo linalojengwa leo bila mita za ndani litakuwa tatizo la wajukuu.

Kwa wale wenye mita, ankara yenyewe ni fumbo. Inasema uniti 18, halafu kiasi cha pesa, halafu makato ambayo hayana maelezo. Uniti moja ni mita moja ya ujazo, sawa na lita 1,000, lakini ni wangapi wanalijua hilo? Andikeni lita kwa siku. Andikeni matumizi ya mwezi kama huu mwaka jana. Mtu akisoma kwamba alitumia lita 400 kwa siku mwaka jana na sasa ni 700, na watu nyumbani ni walewale, ataanza kutafuta panapovuja siku hiyohiyo. Lakini mkimletea ankara ya makadirio miezi mitatu mfululizo kwa sababu msomaji mita hakufika, mmemfumba macho. Uvujaji ulioanza mwezi wa kwanza ataujua mwezi wa nne, ankara ya kweli ikija na deni lisilolipika.

Namba inayoeleweka ina nguvu kuliko hotuba. Wakati wa ukame mkubwa wa Australia, wakazi wa Brisbane na maeneo jirani walipewa lengo mwaka 2007: lita 140 kwa mtu kwa siku. Wakashuka chini ya lengo hilo. Melbourne ilifuata mwaka 2008 na lengo la lita 155. Watu hawakuambiwa tu watumie maji kwa uangalifu. Waliambiwa kiasi, na walikuwa na mita ya kuwaonesha wamefika wapi. Cape Town ya Afrika Kusini nayo, kuanzia Februari 2018, iliweka kikomo cha lita 50 kwa mtu, ikawa inatangaza kiwango cha maji kwenye mabwawa na matumizi ya jiji zima ili kila mkazi aone. Mwanzoni mwa 2015 jiji hilo lilikuwa likitumia zaidi ya lita bilioni 1 kwa siku. Katika miezi ya mwanzo ya 2018 lilikuwa limeshuka hadi karibu nusu bilioni. Siku ya kufunga mabomba, ambayo watu walikuwa wakiihesabia kwa hofu, haikufika.

Lakini wasimamizi wa Cape Town hawakuegemea wakazi peke yao. Walipunguza msukumo wa maji kwenye mabomba ya jiji, na hapo naomba tukae kidogo, kwa sababu ni jambo ambalo mteja hawezi kulifanya hata akitaka.

Usiku watu wakilala, koki zimefungwa, msukumo ndani ya mabomba hupanda. Kila tundu dogo hutoa maji kwa nguvu zaidi, na bomba lililochoka hupasuka. Ukipunguza msukumo saa hizo, uvujaji hupungua bila kuchimba hata futi moja ya barabara. Wahandisi wenu wanalijua hili vizuri kuliko mimi. Wanajua pia kwamba maji yanayopita kuingia mtaa fulani kati ya saa 8 na saa 10 usiku, wakati karibu kila mtu amelala, kwa sehemu kubwa ni maji yanayovuja. Mita moja kwenye mlango wa kila mtaa ingewaambia pa kuanzia kuchimba.

Fukuoka, huko Japani, ni jiji lisilo na mto mkubwa wa kutegemea. Ukame wa mwaka 1978 uliwaweka wakazi wake kwenye mgao kwa siku 287. Baada ya hapo jiji lilijenga kituo cha kuongoza maji, kilichoanza kazi mwaka 1981, ambacho hufuatilia msukumo na mtiririko saa 24 na kurekebisha valvu kutoka mbali. Leo uvujaji wake ni kama asilimia 2. Na msiniambie hayo ni ya nchi tajiri tu. Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, mwaka 1993 ulikuwa umetoka vitani, na asilimia 72 ya maji yaliyozalishwa yalikuwa yakipotea kwa uvujaji, wizi na kutosomwa. Chini ya mkurugenzi wake, Ek Sonn Chan, mamlaka ya maji ya mji huo ilifunga mita kwa wateja wote, ikaziba mabomba, ikawatoza hata wenye vyeo waliozoea kutolipa. Kufikia mwaka 2010 upotevu ulikuwa umeshuka hadi karibu asilimia 6, na maji yakatoka saa 24. Pesa za kuanzia zilitoka kwa wafadhili, ni kweli, lakini uamuzi wa kumfungia mita mkubwa na mdogo ulikuwa wao.

Mteja akiona ninyi mnaziba, naye ataziba. Nimewahi kuona bomba limepasuka mbele ya jengo, maji yanatiririka barabarani hadi watoto wanayachezea, wapangaji wanapiga simu ya dharura kwa zamu bila majibu. Na katikati ya hali hiyo ukaingia ujumbe wa simu kutoka kwa wenye bomba ukitukumbusha kufunga koki vizuri. Watu hawakukasirika sana. Walicheka kwa uchungu, na tangu siku hiyo hakuna aliyeusoma ujumbe mwingine hadi mwisho. Imani ya namna hiyo ikivunjika hairudishwi kwa tangazo la redio. Wekeni namba inayopokelewa, mpeni mlalamikaji namba ya kumbukumbu, na tangazeni kila mwezi ni taarifa ngapi mlizipata na ngapi zilitengenezwa ndani ya siku 2.

Kisha kuna mgao. Nafahamu kwamba panapo upungufu wa kweli hamna budi kugawa. Lakini natamani mngeyaona majumbani yale ambayo mgao unayazaa, kwa sababu mnauhesabu kuwa njia ya kuokoa maji na mara nyingi unayapoteza.

Mtu asiyejua maji yatatoka lini huacha koki wazi juu ya ndoo ili yakija ayasikie. Yakija usiku wa manane akiwa amelala fofofo, ndoo inafurika mpaka alfajiri. Anayeweza kununua tangi anajaza kila tone analolipata, hata kama hana matumizi nalo, kwa hofu ya kesho. Boya la tangi likikwama, maji yanamwagika darini huku kila mtu anashukuru kwamba leo yametoka. Yale yaliyokaa siku nyingi kwenye madumu yanamwagwa ili mapya yawekwe. Na maji ya kwanza kutoka huwa ya matope, kwa sababu bomba lililokuwa tupu limenyonya uchafu kupitia nyufa zake; kwa hiyo watu huyaacha yamwagike mpaka yatakate. Wanafanya sawasawa kabisa, kwani uchafu huo ndio unaoleta kuhara. Mabomba yenyewe hupata misukosuko kila yanapojazwa na kukauka, na hupasuka zaidi. Hata hewa inayotangulia maji inaweza kuzungusha mita, mteja akalipia upepo.

Kwa hiyo kama mgao haukwepeki, utangazieni ratiba na muifuate. Saa mbili zinazojulikana zina faida kuliko saa nane za kubahatisha. Mwenye uhakika wa Jumatano asubuhi hatajaza kila sufuria Jumatatu. Na kila mtaa mnaomaliza kuziba mabomba yake, urudishieni maji ya saa zote kwanza, wengine waone kwamba kuziba kunalipa.

Lipo jambo jingine nalisema kwa uzito. Tangazo lenu linazungumza na watu wote kwa sauti moja, wakati watu hawatumii sawa. Kwa mujibu wa ripoti ya WHO na UNICEF ya mwaka 2023, watu bilioni 1.8 duniani wanaishi katika nyumba zisizo na maji, na katika nyumba 7 kati ya 10 za namna hiyo kazi ya kuteka ni ya wanawake na wasichana. Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Aliyelibeba kichwani hahitaji somo la kutopoteza maji; anahitaji bomba karibu. Upande wa pili, utafiti kuhusu Cape Town uliochapishwa mwaka 2023 ulionesha kwamba kaya za tabaka la juu pamoja na za kipato cha kati cha juu, ambazo hazifiki asilimia 14 ya wakazi, zilikuwa zikitumia zaidi ya nusu ya maji ya majumbani. Wanaomwagilia nyasi na kujaza mabwawa ndio mnaopaswa kuwapelekea barua, simu na, ikibidi, faini. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua Julai 2010 kwamba maji safi ni haki ya binadamu. Kuokoa kusiwe kisingizio cha kuipunguza haki hiyo kwa wale ambao bado hawajaipata. Wala kusiguse usafi: mtu afunge koki anapojisugua sabuni, lakini mikono aioshe.

Nafahamu hofu mnayoijadili vikaoni na hamuisemi hadharani: wateja wakiokoa, mapato yanashuka, na mishahara, dawa za kutibu maji na umeme wa pampu havishuki. Hofu hiyo ni halali. Cape Town ilikutana nayo, na Julai 2018 ikaanza kutoza kiasi kisichobadilika kila mwezi kulingana na ukubwa wa bomba linaloingia kwa mteja. Wakazi wengi waliona wameadhibiwa kwa utii wao. Somo ninaloliona hapo ni kusema ukweli mapema. Tuoneshwe gharama za kudumu ni zipi na zile zinazopanda na matumizi ni zipi, kabla ya kuombwa kuokoa, na mnyonge asamehewe ile ya kudumu. Tena maji yanayovuja mtaani mmekwisha kuyasukuma na kuyatibu bila kulipwa senti; kuyarudisha ni mapato mapya yasiyohitaji bwawa jipya.

Sisi nasi hatutakaa tukisubiri. Tutasoma mita usiku kabla ya kulala na alfajiri kabla mtu hajaamka, na ikiwa imesogea tutatafuta panapovuja. Maji ya kusuuzia nguo yataflashi choo siku hiyohiyo, kabla hayajaanza kunuka. Mboga zitaoshewa kwenye beseni. Wenye paa watakinga mvua, maana kila milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Hayo tunayaweza, na wengi tunayafanya tayari.

Kutoka kwenu naomba majibu ya maandishi kwa mambo haya. Mwaka jana mlizalisha lita ngapi, na ngapi kati ya hizo zilifika kwa mteja, mtaa kwa mtaa? Ni kaya ngapi ziko nyuma ya mita za pamoja, na lini ngazi ya nafuu itahesabiwa kwa kaya badala ya kwa mita? Ni lini tangi la choo la lita 13 litapigwa marufuku madukani? Na ratiba ya mgao itabandikwa wapi, nani atawajibika isipofuatwa? Majibu myatangaze waziwazi, kila jibu na tarehe yake, na jina la ofisi itakayoifanya kazi hiyo.

Wenu kwa heshima,
Mteja wa maji ya nyumbani